Bumu Langu Liko Chini ya Pikapu

Bumu la semesta ya pili lilipoingia, roommate wangu alinunua simu. Jirani wa chumba cha pili akanunua jiko la gesi. Mimi nikanunua difu ya nyuma ya Land Rover. Ilikuwa imelala kwenye majani nyuma ya gereji moja Makambako, kutu nje, oili nyeusi ndani, na siku ya kuitoa pale ilibebwa na wanaume wanne wakiguna.

Nilipowaambia wenzangu kwenye vimbweta walidhani natania. "Yaani bumu lote umenunua chuma?" Nikasema ndiyo, na halikutosha. Semesta ile asubuhi yangu ilikuwa chai na mihogo, jioni wali wa kuchangishana, na siku nyingine nilijificha maktaba hadi saa tatu usiku ili nisipite karibu na harufu ya chipsi mayai. Watu wakaanza kuniita Mama Difu. Sikuwahi kuwaeleza vizuri kwa nini nilifanya vile, kwa sababu maelezo yenyewe yananigusa pabaya. Acha nijaribu hapa.

Kwetu ni Ipelele, wilaya ya Makete, mkoani Njombe. Ukipajua utakumbuka kwanza baridi. Mwezi wa sita na wa saba unaweza kuamka ukakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Cha pili utakumbuka viazi. Mashamba yetu yako mgongoni mwa kilima, na Fuso za wanunuzi hazifiki huko, zinasubiri barabarani. Kati ya shamba na barabara kuna mteremko mrefu wa udongo mwekundu, daraja la magogo, halafu mlima wa kupandia. Mtu mwenye gari linaloweza kushuka na kupanda hapo ana kazi msimu mzima, ya viazi vyake na vya majirani.

Gari letu ni pikapu ya Land Rover, Series IIA, ile ya 109. Hiyo 109 ni inchi, kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, kama sentimita 277. Series IIA zilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, kwa hiyo hata kama yetu ilikuwa ya mwisho kutoka kiwandani, kwangu mimi ni bibi. Baba aliinunua ikiwa imeshapita mikono mingi. Ada yangu ya A-level ilipanda humo kwa magunia, bati za nyumba zilipanda humo, na bibi yangu halisi alipelekwa hospitali humo akiwa amelazwa kwenye godoro.

Mwezi wa tatu mwaka jana, likizo fupi katikati ya semesta, nilikuwa nyumbani nikishika daftari la mizigo. Kaka, ambaye ndiye dereva, alisema magunia tisa yanatosha. Yalibaki mawili chini. Mnunuzi alikuwa anapiga simu kila dakika tano, Fuso linataka kuondoka, na mimi nilikuwa na deni la michango chuoni. Nikasema yapande yote, kwani mawili yatafanya nini? Na haya yalikuwa lumbesa, si gunia la kilo 100 linaloruhusiwa na vipimo. Kaka akanitazama, akapandisha mabega, yakapanda. Mdogo wetu, aliyekuwa kidato cha pili, akakaa juu ya mzigo kama utingo. Mimi nikaingia mbele.

Katikati ya mteremko, tukiwa gia ya pili, tulisikia paa! Si kubwa sana, kama mtu amevunja kuni. Injini, iliyokuwa ikivuma kwa kulizuia gari, ghafla ikatulia, ikawa inanguruma polepole kama gari lililosimama kituoni. Ule utulivu ndio ninaousikia mpaka leo. Injini imetulia lakini miti inapita kwa kasi. Kaka akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akapampu mara mbili, tatu, ikashika kidogo, ikazama tena. Akavuta handibreki yote. Hakuna. Mbele daraja la magogo linakuja. Akakata usukani kuelekea ukingo wa juu, tukapanda udongo, gari likainama na kusimama limeegemea kilima.

Mimi na kaka tulitoka na michubuko. Mdogo wetu alirushwa pamoja na magunia. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti.

Sitasimulia hospitali. Nitasema tu kwamba alitembea kwa magongo mpaka mwezi wa saba, na kwamba hakuna mtu nyumbani, hata siku moja, aliyenitajia yale magunia mawili.

Baba alisema gari liuzwe. Alikuja mtu wa skrepa akalitazama kwa jicho la kupima kilo. Kaka hakutaka. Akamwomba fundi wa pale kijijini atafute shafti yoyote ya zamani aipachike, akaliendesha tupu, taratibu, kupitia Njombe hadi Makambako, kwa mzee mmoja ambaye ametengeneza Land Rover tangu kabla sijazaliwa. Gereji yake iko upande wa reli ya TAZARA, na treni ya mizigo ikipita ananyamaza mpaka ipite ndiyo aendelee na sentensi yake. Nilikwenda kumsikiliza wikiendi moja nikitokea chuoni.

"Kamwene, mwalimu," alinisalimu. Kaka alishamwambia ninasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati. Halafu akanifundisha kitu ambacho mtihani wangu wa mekanika haukuwahi kuniuliza.

Handibreki ya Land Rover za aina hii haishiki matairi. Inashika dramu iliyo nyuma ya gia boksi. Dramu inashika propela, propela inashika difu, difu inashika shafti mbili, na shafti ndizo zinazoshika matairi ya nyuma. Ni mnyororo mmoja, na nguvu ya injini ya kulizuia gari mteremkoni inapita kwenye mnyororo huohuo. Shafti ya upande mmoja ikikatika, difu inapeleka mzunguko wote upande uliokatika, kwa sababu huko ndiko hakuna ubishi. Kwa hiyo lile paa moja lilituondolea vitu viwili kwa pamoja: gia na handibreki. Tukabaki na breki ya mguu peke yake. Tairi lenyewe halikuchomoka, kwa kuwa kwenye gari hizi tairi linabebwa na habu na ekseli ya nje, shafti inazungusha tu. Ndiyo maana fundi wa kijijini aliweza kuifungua nati za pembeni na kuivuta kama upanga kwenye ala. Kipande kilichobaki ndani ya difu ndicho kilichomtesa.

"Na kinobu cha njano?" mzee akauliza. "Mlikibonyeza?"

Kinobu cha njano ndicho kinachounganisha difu ya mbele. Kama kingebonyezwa juu kule kabla ya kuteremka, shafti ya nyuma ingekatika na bado difu ya mbele ingelishikilia gari, injini ingevuta, hata handibreki ingefanya kazi kupitia mbele. Kaka akaangalia chini. Kinobu kipo. Propela ya mbele ndiyo haipo. Baba aliivua miaka mingi iliyopita ili gari lisile mafuta, ikawa inakaa darini, na sisi watoto tulikua tukijua ni bomba tu.

Mzee hakumlaumu mtu. Alisema wengi wanaivua. Akaendelea kueleza ubaya wa ile difu yenyewe. Shafti za difu ya zamani ya Rover zina meno 10 ndani, nyembamba, zinajulikana kwa kukatika ukizidisha mzigo. Kwenye 109 za Series III waliweka difu nyingine inayoitwa Salisbury, kubwa, tumbo kama chungu, shafti zenye meno 24. (Salisbury ni jina la difu. Harare nayo iliitwa Salisbury hadi 1982, lakini mzee alikataa katakata kwamba hivyo viwili havihusiani, na mimi sikuja kubishana historia.) Uzuri wake ni kwamba inakaa kwenye springi zilezile, hakuna kuchomelea. Ubaya ni mbili: inahitaji propela fupi zaidi, maana pua yake imetokeza mbele, na tumbo lake linashuka chini kidogo, kwa hiyo mawe ya kwetu italazimika kuyaheshimu.

Kaka alikuwa na ndoto yake. Oktoba 2024, Arusha ilipojaa Land Rover kwa mamia zikipita barabarani, aliangalia video zote, na tangu hapo anataka breki za disiki mbele kama za One Ten. Nilimwunga mkono, nikijua tu kwamba disiki inapoa haraka kuliko dramu. Mzee akachukua futi. Ukitaka disiki za One Ten kwa njia ya kawaida unachukua ekseli nzima ya mbele, na ekseli hiyo ni pana kuliko yetu kwa karibu sentimita 18. Matairi yatatokeza nje ya mabodi, utamwagiwa tope hadi kwenye kioo, na viti vya springi itabidi vichomelewe upya kwa sababu One Ten inatumia koili. Na usipobadilisha na nyuma, gari litakuwa na mabega mapana na kiuno chembamba. Inawezekana, wapo waliofanya. "Lakini ninyi," akasema, "dramu zenu hazijawahi kupewa nafasi ya kufanya kazi. Nani aliziangalia mara ya mwisho?"

Hakuna aliyejua.

Difu ya Salisbury alikuwa nayo, laki saba na nusu. Bumu langu lilikuwa kama laki sita, lingeingia wiki mbili baadaye. Nilimwambia aiweke pembeni. Kaka akaongeza iliyobaki. Baba tulimwambia nimepata kibarua cha kuchapa kazi za watu chuoni, na aliamini, kwa sababu baba ni mtu wa kuamini.

Kazi yenyewe ilifanyika mwezi wa nane, likizo ndefu. Kabla ya kuifunga ile difu, mzee alisema difu haiaminiwi kwa sura, inahesabiwa. Hapo nilipata cha kufanya. Tulichora alama ya chaki kwenye flanji ya propela na nyingine kwenye habu. Kaka akashikilia habu ya kushoto isizunguke, mimi nikazungusha ya kulia mara mbili kamili, mzee akahesabu pua: moja, mbili, tatu, nne, na karibu robo tatu. Hiyo ni 4.7. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu upande mmoja ukizuiwa, mwingine unazunguka mara mbili ya kawaida. Nimeshaliweka hilo kwenye daftari la maandalio ya somo, na nikienda tena field nitaomba wanafunzi walete chaki na gari bovu. Tukarudia kwa difu ya mbele: 4.7 vilevile. Zingetofautiana, mfano ile 3.54 ya One Ten, siku tukibonyeza kinobu cha njano mbele na nyuma vingekuwa vinavutana kila kimoja kivyake, mpaka kitu kivunjike. Na gia ingekuwa ndefu, kitu ambacho kwa mlima wetu wa baada ya daraja ni sawa na kuongeza magunia.

Breki ndizo zilizotuaibisha. Tulipofungua dramu za nyuma, shuu zilikuwa zimelowa oili iliyovuja kwenye sili ya habu. Shuu yenye oili haishiki, inateleza tu kama mkono wenye sabuni. Mzee alimzuia kaka kupuliza vumbi kwa mdomo, akaosha kwa maji na sabuni. Alisema shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake linakaa kifuani. Ndani ya silinda, mipira ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolowekwa. Akanusa. "Nani aliweka oili ya mashine kwenye kikopo cha breki?" Mafuta ya breki ni aina yake, na mipira yake imetengenezwa kwa ajili ya hayo tu. Ukiweka oili nyingine inavimba, inakwama, halafu inavuja. Wala hatukuhitaji kuuliza ni nani. Baba alikuwepo siku ile, ameketi kwenye tairi, akasema mafuta ya breki yaliisha siku moja na duka lilikuwa mbali.

Mipira ikabadilishwa yote, silinda mbili za mbele zikanunuliwa mpya, shuu mpya magurudumu yote manne, dramu zikapelekwa kwa mtu wa mashine kusawazishwa. Na kubwa zaidi, tukaondoa masta silinda ya zamani. Ile ilikuwa na njia moja: bomba moja likipasuka popote, breki zote nne zimekwenda. Tuliweka masta ya njia mbili iliyotoka kwenye Series III, pamoja na servo yake. Njia moja inakwenda mbele, nyingine nyuma. Ikipasuka ya nyuma, ya mbele bado inashika. Baba aliuza nguruwe kwa ajili ya masta na servo.

Servo inasaidia mguu kwa kunyonya hewa kutoka kwenye injini. Mzee alimgeukia baba hapo, kwa heshima, maana ni umri mmoja: "Ndugu yangu, ile tabia ya kuzima injini mteremkoni uokoe petroli, kuanzia leo iache. Injini ikizimwa, servo inakupa pedali mbili tatu, basi. Baada ya hapo mguu unakuwa jiwe." Baba akacheka akasema ni nani aliyekuambia nazima injini. Kaka na mimi tukaangaliana.

Kutoa upepo ilikuwa zamu yangu na kaka. Mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini na spana na kichupa, unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Tulifanya hivyo alasiri nzima mpaka mapovu yakaisha. Nimefundisha kidato cha kwanza shinikizo katika vimiminika, nikachora ubaoni pistoni ndogo na pistoni kubwa, nikawaambia kimiminika hakibonyezeki ila hewa inabonyezeka. Wakaandika. Sasa nimelala chali naona povu moja la ukubwa wa punje ya mchele likitoka, na pedali iliyokuwa laini kama godoro inakuwa ngumu juu yangu.

Siku ya tatu ndipo baba alijua. Nilikuwa nabishana na kaka kuhusu hela ya propela fupi, nikasema bila kufikiri kwamba bumu limeisha. Baba akauliza bumu gani. Ikabidi niseme.

Hakugomba. Alitoka nje ya gereji akasimama karibu na reli. Aliporudi akasema, "Hela ya serikali ya kusomea, umeiweka kwenye gari langu?" Nikasema nitairudisha, ndivyo mkopo ulivyo: nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe. Kwa hiyo difu hii nitailipia darasani, taratibu. Nilifikiri hesabu hiyo itamtuliza. Kumbe ndiyo iliyomuumiza zaidi. Siku mbili aliongea na fundi na kaka tu. Mimi nilijaribu kutafuta maneno ya kumwambia kwamba sikuwa nalipia gari, nalipia magunia mawili, na sikuyapata. Siku ya tatu alikuja na ile propela ya mbele begani. Alikuwa amepanda basi hadi Ipelele na kurudi. Ameifunga kwa kanga ya mama.

Tulilirudisha gari nyumbani mwishoni mwa mwezi. Kaka alitaka kulijaribu kabla viazi havijaanza. Tukapakia mchanga kwenye viroba mpaka ukafika uzito wa magunia tisa, tukaenda kwenye mteremko uleule. Kinobu cha njano chini. Gia ya pili. Mahali pale kwenye ukingo udongo bado ulikuwa na kovu. Kaka alikanyaga breki taratibu, gari likasimama limeinama, matope ya Agosti hakuna, vumbi likatupita likaendelea na safari. Akavuta handibreki. Akaachia mguu. Hatukusogea hata kidole. Akarudisha kinobu, akajaribu tena na difu ya nyuma peke yake. Hatukusogea.

Baba, aliyekuwa ameshuka kabla na kutembea kwa miguu pembeni yetu njia nzima, akaokota jiwe akaliweka mbele ya tairi hata hivyo.

Viazi vya kwanza vilivunwa nikiwa bado sijarudi chuo. Mdogo wetu amepona, ila akitembea sana anachechemea, na alikataa kukaa mbele. Alipanda juu ya mzigo kama zamani. Mimi nilikuwa chini na daftari, Fuso linapiga honi kule ng'ambo. Kulikuwa na gunia moja limebaki ardhini, nikawa nalitazama.

"Tisa, dada," alisema kutoka juu. "Yameshatimia tisa. Andika."

Nikaandika.